Pikapu ya Nabwire

Mtaa mzima wa Huruma ulijua kwamba mume wangu ana boti, na Huruma nzima ilimcheka kwa sababu ya gari lake. Watu wa Nairobi wakisikia mtu ana boti, akili zao zinakimbilia Mercedes na miwani ya jua. Halafu wanamwona Wesonga akishuka kwenye pikapu kuukuu ya Peugeot 404, mlango wa dereva umefungwa kwa kamba ya wavu, maji ya barafu yanachuruzika nyuma, na paka wa mtaa wanamfuata mpaka ngazini.

"Niaje, Kapteni!" vijana wa pale chini walimwita. "Leo meli imefika?"

Naye anacheka. Wakati huo alikuwa mtu wa kucheka.

Mimi sikuwachekea. Mwenye boti mlitaka aendeshe nini? Nendeni Sio Port, kule ziwani, mkaone. Gari linalong'aa pale ufukweni ni la afisa aliyekuja kuuliza leseni. Wenye boti wenyewe utawajua kwa magari yaliyooza sakafu kwa maji ya samaki. Shiundu ana boti tano, na Landrova yake haina kioo cha mbele. Akivaa miwani ni ya kuzuia wadudu wa ziwani wasimwingie machoni. Mali ya mwenye boti iko majini, haiko barabarani, lakini hilo utamweleza nani Huruma?

Wesonga alikuwa na boti tatu, na zote zilikuwa na jina moja: Nabwire. Ni jina la mama yake, aliyeuza ng'ombe wake wote wawili ili mbao za boti ya kwanza zipatikane. Nyuma ya pikapu pia aliandika NABWIRE, kwa rangi ya buluu iliyobaki kwenye boti. Kila Alhamisi aliteremka ziwani na masanduku matupu, na kila Jumamosi alirudi amejaza samaki wa mbuta wa kuwauzia akina mama wa soko la Gikomba. Tulikula, watoto walisoma, kodi ya nyumba haikutukosesha usingizi.

Balaa liliingia kupitia lile gari tupu la Alhamisi.

Mulama, jirani yetu wa mlango wa pili, alifiwa na mke. Mulama alikuwa kibarua Industrial Area, na mchango wa mtaa ulitosha jeneza tu. Alikuja kwetu akaketi, kofia mikononi. Sisi watu wa magharibi, mtu wetu akifa Nairobi lazima arudi nyumbani alale kando ya wenzake. Kumwacha Lang'ata kwenye makaburi ya jiji ni kusema hakuwa na kwao. Wesonga alimtazama Mulama, akamwambia, "Alhamisi nashuka. Gari ni tupu. Wewe weka mafuta tu."

Basi. Kuanzia hapo, kila aliyefiwa kuanzia Huruma hadi mtaa wa Ziwani akaujua mlango wetu. Wesonga hakumtoza mtu chochote zaidi ya mafuta. Akishashusha jeneza, alisugua pikapu kwa Omo na Jik, akaisuuza ziwani, akaianika juani, kisha akatandika mafunjo mabichi kabla ya kupakia samaki. Alikuwa msafi kuliko wenye bucha wengi ninaowajua.

"Baba Wandera," nilimwambia, "wema wako utatuponza."

"Kwani wewe ungependa uzikwe Lang'ata?" akaniuliza.



Siku moja Vivian, mkaanga samaki wa Gikomba na mteja wetu wa miaka mingi, alikwenda Bumala, karibu na kwetu, kumzika mjomba wake. Akaona jeneza la mjomba likishushwa kutoka kwenye pikapu yenye mlango wa kamba na jina la NABWIRE. Siwezi kumlaani Vivian. Alisema alichokiona. Tena kama ningekuwa mimi, ningekataa samaki hao vilevile, na hata mngenipiga kwa Biblia kichwani nisingekula. Jumamosi iliyofuata hakuna mama hata mmoja aliyekaribia gari. Ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino, kipindupindu kilikuwa kila mahali, na tayari watu waliwaogopa samaki wa ziwa. Hiki kisa chetu kikawa chumvi kwenye kidonda. Tulirudi na mzigo mzima, tukaanza kugawa. Nilimpelekea Mulama sahani ya mbuta.

"Asante, Mama Wandera," alisema, bila kuipokea. "Siku hizi tunakula mboga."

Nilitamani kumvisha ile sahani kichwani. Nilirudi ndani nikalia.

Tulidhani yatapita. Ziwani magugu maji yakaja, yakafunga ghuba yote kama blanketi, na boti tatu za Nabwire zikakwama ndani yake zikianza kuoza. Ukiwa na boti isiyotoka na gari lisiloaminiwa, wewe ni maskini kuliko asiye na kitu, kwa sababu yule watu humhurumia. Ndipo mama mkwe akaletwa Nairobi, tumbo limevimba. Daktari akasema ni upasuaji, tena haraka. Kitu pekee cha kuuza kilikuwa pikapu.

Mnunuzi aliitwa Muindi, mtu wa Kangundo, anayesambaza mikate madukani. Mtu mpole, anayevua kofia akiingia kwa watu. Alilikagua gari, akalipenda, bei ikakubaliwa. Kisha akaketi kwenye kochi letu akakuna shingo.

"Nimesikia maneno huko nje," alisema. "Mimi nabeba chakula. Hili gari limewahi kubeba maiti?"

Wesonga alitazama sakafu. Hajui kudanganya, hilo ndilo tatizo lake. Mama mkwe, aliyekuwa amelala kitandani nyuma ya pazia, akalivuta pazia. Uso wake ulikuwa umebaki mifupa. Alichukua Biblia yake ya Kisamia, lugha yetu, akaiweka kifuani.

"Mwanangu," alimwambia Muindi, "hilo gari lina jina langu. Kama kuna maiti aliyewahi kulala humo, mimi nisilale kando ya kaburi la mume wangu."

Mzee kujiapiza hivyo si mchezo. Muindi mwenyewe alisimama, akasema, "Imetosha, mama. Imetosha." Akatoa pesa. Alipoondoka, Wesonga alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, kwa nini?"

"Wewe ungeshindwa," alisema mama. "Na mimi bado nataka kuishi. Nikipona nitatubu."

Alipasuliwa. Hakupona.

Siku zake za mwisho hakuongea juu ya kiapo kabisa. Aliongea juu ya kwake tu: mvule ulio nyuma ya nyumba, kaburi la mzee, na jinsi usiku mawimbi yanavyosikika pale. "Mnipeleke," aliniambia akinishika kidole, maana mkono mzima hakuwa na nguvu ya kuushika. "Triza, wewe una mdomo. Hakikisha wananipeleka." Nikamwahidi. Nilimwahidi mara mbili.

Matanga yalifanyika kwetu. Mkebe wa mchango ulizungushwa, ukarudi mwepesi. Nilisikia mwenyewe kwenye ngazi, mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Mwenye boti tatu anachangiwa nini? Si auze moja?" Boti za kuuza ziko wapi, ziko chini ya magugu! Wesonga alizunguka kwa wale aliowabebea wafu wao. Wengine walikuwa wamehama, wengine wamefutwa kazi. Mulama alitoa alichokuwa nacho, akalia kuliko sisi, na hakikufika hata robo ya nauli ya jeneza kwenye basi. Bili ya mochari nayo ilikuwa ikipanda kila kukicha. Watu wa nyumbani walituma neno kwamba kaburi limeshachimbwa kando ya mzee, na kwamba mvua inalijaza maji.

Ikabaki njia moja. Tulimkuta Muindi akipakia mikate. Pikapu ilikuwa imepakwa rangi nyeupe, mlango umetengenezwa, na ilikuwa inanukia mkate. Alipotuona alivua kofia.

"Poleni. Poleni sana. Nimesikia juu ya mama."

"Muindi," Wesonga alisema, "niazime gari kwa siku mbili. Nitaweka mafuta."

Muindi alielewa mara moja. Aliiweka kreti chini polepole.

"Usiniombe hilo, Baba Wandera. Niombe pesa, nitakupa niliyo nayo. Maneno yale hayajaisha. Kila mwenye duka ameniuliza, na kila mmoja nimemwambia: kuna mama mzee aliniapia kwa Biblia. Mikate yangu inanunuliwa kwa neno la mama yako. Leo nimpakie yeye mwenyewe, niwaambie nini?"

Kulikuwa na jibu. Mimi nililijua, Wesonga alilijua. Angesema: alikudanganya, kaka, gari hilo limebeba maiti kumi na zaidi, na mmoja tena hatalibadilisha. Nilimwona akifungua kinywa. Lakini kusema hivyo ni kumwita mama yake mwongo kabla hajazikwa, na kukiri kwamba alijiapiza kwa uongo. Na aliyejiapiza hivyo, utampeleka kando ya mume wake kwa macho gani? Wesonga alifunga kinywa. Nikangoja mdomo wangu uliosifiwa useme. Haukusema. Watu wanadhani nina ulimi mkali. Siku hiyo ulikuwa kipande cha nyama tu.

"Ni kweli," Wesonga alimwambia. "Sikufikiria vizuri. Samahani."

Tulimzika Nabwire Lang'ata, Jumatano, kwenye matope mekundu, na mvua juu yetu. Muindi alikuja. Alisimamisha pikapu mbali, nje ya lango, akatuletea kreti nzima ya mikate ya kula na chai ya matanga, akaibeba kwa mikono yake mwenyewe kutoka kule. Alilia kama mtoto wa nyumba. Sikuweza kumchukia, na nilijaribu sana. Juu ya kaburi waliweka kibati chenye namba. Kaburi la nyumbani, tuliambiwa, lilifukiwa na mgomba wa ndizi ndani yake, maana kwetu shimo halifukiwi tupu.

Sina hakika kama kiapo kinaweza kumfungia mtu njia. Ninachojua ni kwamba gari lililopeleka wafu wa watu wengi nyumbani lilikuwa pale, zima, lenye mafuta, na mwenye jina lake alibaki.

Wesonga sasa anabeba magunia Gikomba, kwa wale wale akina mama. Ile rangi nyeupe ilikuwa ya bei rahisi. Ikinyesha, herufi za buluu zinaonekana chini yake. Kila alfajiri pikapu hupita chini ya dirisha letu ikielekea madukani, na yeye huijua kwa mlio hata akiwa usingizini.

"Mama anapita," husema.

Namwambia alale. Kukipambazuka nashuka dukani, nanunua mkate wa watoto.