Simiti ya Ijumaa

Jina langu ni Ekidor, na mtu mjinga kunishinda sijamwona Isiolo nzima.

Mimi ndiye mwendesha kinu katika kiwanda kidogo cha simiti. Kinu chenyewe ni pipa la chuma, refu kama lori, linalozunguka likiwa na mipira ya chuma ndani. Unatia klinka, yale mawe magumu yaliyochomwa, na jasi kidogo, halafu mipira inayaponda mpaka yawe unga laini. Ukitia mawe kwa haraka, unga unatoka na chenga, na simiti ya chenga haishiki. Ndiyo maana kila saa lazima tuchekeche kidogo, tupime.

Ile Ijumaa malori ya Mohamednoor, mteja wetu mkubwa, yalijaa getini, honi kila mahali, bosi anafoka. Nikaongeza mwendo. Chekeche sikuigusa. Nikaandika kipimo cha jana, basi.

Mifuko ile ikafika Leparua, kwa kikundi cha akina mama cha shangazi yangu Achuka. Wakajenga tangi la maji ya mvua. Lilipojaa mara ya kwanza likapasuka, na maji ya kiangazi kizima yakanywewa na mchanga.

"Fundi ametuibia simiti!" wakasema. Fundi ni mzee Lomorukai, aliyenifundisha kushika mwiko. Wakamtoza mbuzi wanane, na hana wengine.

Jumapili baada ya tangi kupasuka nilienda huko nimeapa kusema ukweli, haki ya Mungu. Mifuko mitupu ilikuwa bado pale, ikiwa na tarehe ya Ijumaa yangu. Nikaokota kipande cha ukuta, kikamomonyoka mkononi.

Mzee alikuwa amekaa chini mbele ya akina mama, anaangalia viganja vyake.

"Simiti sikuiba," akasema. "Lakini labda nilizidisha mchanga. Mkono umezeeka, hata mimi sijiamini." Akaniona. "Ekidor, mwanangu, simiti ndiyo kazi yako. Waambie, ilikuwa nzuri ama mbaya? Ukisema wewe, nitakubali."

Wote wakanigeukia. Nikaona kazi yangu inaenda, nikaona uso wa shangazi.

"Ilikuwa nzuri," nikasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole.

"Asante kwa kuniambia ukweli," akasema, akaenda kuwafungulia akina mama mbuzi wake wanane.