Kitunguu Aliyechoka Kusingiziwa

Jana usiku niliota nimeshtakiwa na kitunguu. Kwa hilo sikushangaa. Kilichonisumbua ni kwamba yeye alivaa suti, na mimi nimeletwa mahakamani nikiwa na dera la kulalia, kifua kimelowa maziwa, mtoto begani hataki kutulia.

Mahakama ilikuwa bafuni kwetu. Hakimu alikuwa ndoo. Kila nikitaka kukaa, kigoda kinasogea.

"Huyu mama," Kitunguu akaanza, "analia akifua, analia akipiga deki, analia akisikia tangazo la sabuni redioni. Mumewe akimuuliza, anasema nimemwasha mimi. Mheshimiwa, siku nyingine mimi hata sokoni sijafika."

Ni kweli tupu. Juzi mume wangu, Mbwana, alinikuta nalia mbele ya kikombe cha maziwa mgando. Nikasema ni kitunguu. Akayatazama yale maziwa, akanitazama mimi, akachukua mto wake akahamia sebuleni. Anaamini nalia kwa sababu yake, nami sababu siijui. Naogopa nitampoteza mume mwema kwa machozi yasiyo na mwenyewe.

Ndoo akaita mashahidi. Usingizi akaingia akipiga miayo, akaapa kwamba tangu nijifungue hajanigusa vizuri, maana kila akifika mlangoni mtoto anamfukuza. Hakimu akauliza kama hilo linatosha kumliza mtu mzima. Usingizi akasema linatosha kabisa, yeye ameshaliza hadi askari.

Akaitwa Mwili wangu. Nikatazama chini nione nimekuja na nini, nikaona dera tupu. Mwili akaeleza kwamba tangu uzazi mambo ndani yamevurugika, tezi zinatoa amri jioni na kuitangua asubuhi, na machozi yanafunguliwa na yeyote apitaye. "Lakini si mimi peke yangu," akasema.

"Nani mwingine?" Kitunguu akaniuliza.

Nataka kujibu, bafu halipo. Nimelala nyumbani kwa mama, mtoto ana wiki moja, mlango umeegeshwa. Nje wanaume wanalitoa jeneza la mama na tahalili inapita dirishani. Nataka kuinuka. Shangazi Mwanakheri ananizuia kwa bakuli la uji wa pilipili manga.

"Mzazi halii," ananiambia. "Maziwa yatachacha, umuumize mtoto. Ngoja arobaini yako ya uzazi iishe."

Nangoja. Machozi nayo yanangoja, yamekaa mkekani miguuni kwangu na viatu vyao, yakiuliza kila mara kama bado. Uji nao unasema bado. Arobaini inaisha. Natolewa nje, nafukizwa udi, watu wanakula biriani, wanaaga. Hakuna anayekumbuka kurudi kuniambia kwamba sasa ninaweza kulia.

"Kwa hiyo tunatoka wenyewe," yanasema machozi. "Tukiona upenyo tunapita. Sabuni, mgando, chochote. Tumekaa na viatu mpaka miguu imevimba."

Nayaomba radhi. Hayanisikilizi, yanagombania nafasi ya mbele.

Bafu likarudi. Ndoo akagonga mshikio wake, akasoma hukumu: nimtaje ninayemlilia, mbele ya mume wangu, kwa sauti. Nisipomtaja, Kitunguu atahamia kwangu na kulala upande wa Mbwana. Kitunguu hakusubiri nijibu. Alikwishavua koti na kupanda kitandani, akawa anatafuta shuka. Nikafungua kinywa, ukatoka uji.

Nikaamka. Kumekucha, mtoto ananyonya, shingo yangu imelowa chapachapa. Mbwana amesimama mlangoni, mto kwapani, macho mekundu ya mtu ambaye sebule haikumpa usingizi.

"Leo nini tena, mke wangu?" akauliza.

Kitunguu kilikuwa kimeshafika kwenye ulimi. Nikakimeza.

"Namlilia mama."

Sikuwa nimepata kulisema. Lilipotoka nikaona lilivyo fupi, na moyo ukaniuma kwa miezi yote niliyoizunguka sentensi fupi hivyo. Mbwana aliutupa mto kitandani, akamchukua mtoto, akamweka begani.

"Lia basi," akasema. "Mtoto ninaye."

Nikalia kwa sauti, kama waliavyo wenye ruhusa. Jirani akaita dirishani kuuliza kuna nini, Mbwana akamjibu kwamba kuna msiba. Jirani akasema poleni, asiulize wa lini.

Nilipopata pumzi, Mbwana akaja kujilaza mahali pake. Akavuta shuka, akasita. Upande wake kulikuwa na shimo dogo la mviringo, la mtu mfupi aliyelala hapo, na katikati ya shimo ganda jekundu la kitunguu. Akaniuliza limetoka wapi, maana vitunguu vilituishia tangu Ijumaa.

Nikamwambia alipanguse tu alale, mwenyewe ameshaondoka.