Ubao wa Chemchemi

Miringa, miti mikubwa ya chemchemi, haikulindwa na sheria. Sheria gani? Waliokwangua msitu wa mlimani enzi za babu zetu walikuja na sheria hiyo hiyo kwapani. Miti ile ililindwa na macho. Katika kijiji hiki cha juu ya mji wa Runyenjes hakuna aliyewahi kumwona jirani akiitia shoka, basi naye hakuitia.

Asubuhi moja Celina alikuta visiki viwili vimefunikwa majani ya migomba. Aliyekata aliona haya, akaficha. Celina hakuyatazama majani, alitazama visiki. Maji yale ndiyo yaliyonywesha ng'ombe wake, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomsomesha mwanawe Kinya. Yakikauka, imekwisha.

Akaenda kushtaki kwa afisa wa mradi wa maji, kijana wa buti safi.

"Tutawaaibisha wote, Mama Kinya," afisa akasema. "Mtu akiona haya hubadilika."

Ubao ukaletwa, bati la buluu la kuonekana toka barabarani: AIBU! KILA BOMA HAPA LINAKATA MITI YA CHEMCHEMI. Celina mwenyewe aliishika nguzo, mafundi wakashindilia udongo.

Jioni Gichovi, jirani yake, akaja na pikipiki kuchota maji. Akausoma ubao kwa sauti, akacheka hadi mtungi ukamponyoka.

"Kila boma? Ala! Kumbe mjinga ni mimi peke yangu, nalinda miti wenzangu wakijenga!"

"Acha mchezo, Gichovi. Ni miwili tu imekatwa."

"Basi serikali imeandika uongo? Tena kwa bati?"

"Ni maneno ya kuwatisha waliokata."

"Mimi sijakata, na nimeandikwa."

Angeline, mjane wa boma la chini, akatua ndoo yake. "Hata mimi nimeandikwa. Dhambi nishabebeshwa, Mama Kinya, nikose kuni kwa nini?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Celina hakucheka. Alikuwa akiwatazama nyuso, na kila uso ulikuwa ukiihesabu miringa.

Kulipopambazuka pawa soo, msumeno wa mota, ilikuwa ikinguruma chemchemini. Celina akakimbia na jembe, si kwa wakataji, bali kwa ubao. Akachimbua nguzo, bati likaanguka matopeni, akalikanyaga, maandishi yakiwa chini.

"Uangushe tu, mama!" Gichovi akapaza sauti, vumbi la mbao limemjaa nyweleni. "Sisi tushasoma!"

Hakuna aliyegeuza uso wala kumkwepa. Walisalimiana, wakaazimana kamba, wakasaidiana kubeba magogo kama watu wa harusi moja. Mzee Naftaly, mzee wa kanisa, alimwita Celina aje achukue fungu lake la matawi kabla halijaisha.

Kiangazi kilipofika chemchemi ilikuwa kidimbwi cha kwato. Ng'ombe wa Celina alilamba tope, akainua kichwa, akamtazama. Siku wachinjaji walipokuja kumchukua ng'ombe huyo, afisa naye alikuja, akapiga picha visiki, akatikisa kichwa.

"Unaona, Mama Kinya? Ubao wetu ulisema kweli."

Celina alimpa mgongo. Alishuka bondeni peke yake, akapita kisiki baada ya kisiki, akitafuta kimoja tu kilichofunikwa majani ya migomba. Vyote vilikuwa wazi, vyeupe, vimetazama juu.