Ukurasa Aliouchomoa Nehemia

Wivu ulimpanda Wakili Nehemia siku ile Melania, mama wa mteja wake Bonifasi, alipomfuata ofisini kwake Katubuka na kumwambia, kwa adabu zote, kwamba kesi ya mwanawe anampa wakili Winfrida.

"Usikasirike, mwanangu. Yule ni mtoto wa nyumbani. Bonifasi akisema Kiha, anamwelewa."

Asikasirike! Miaka kumi na minane yuko Kigoma tangu atoke kwao Moshi, leo binti aliyeapishwa juzi anamnyang'anya kesi ya mauaji kwa sababu ya salamu ya Kiha, "mwakeye" tu! Alikabidhi jalada huku anatabasamu. Ila kwanza alichomoa ukurasa mmoja, wenye majina ya wanawake wawili wa Kibirizi waliomwona Bonifasi akikamatwa. Aliwatafuta mwenyewe kwa miguu yake. Na Winfrida naye atafute, si anajipendekeza kwa watu?

Siku ya kesi alikwenda kuketi nyuma ya Winfrida, eti ana shughuli mahakamani. Uongo mtupu! Alikwenda kumwona akianguka. Polisi walileta maelezo ya Bonifasi kukiri kuua, yaliyoandikwa saa tisa alasiri. Yakipokelewa, kitanzi kinamngoja.

"Napinga, Mheshimiwa Jaji," alisema Winfrida. "Sheria inawapa polisi saa nne za kumhoji mtu tangu akamatwe. Mteja wangu alikamatwa saa moja asubuhi, akishusha dagaa."

"Polisi wanasema saa nane mchana. Una shahidi?"

Winfrida akapekua jalada, ukurasa baada ya ukurasa. Moyo wa Nehemia ulichekelea, wallahi ulichekelea. Kisha akamwona Bonifasi kizimbani, amemkazia macho Winfrida kwa matumaini yote. Mimi hakuwahi kunitazama hivyo, aliwaza, na hilo nalo likamchoma. Lakini mtu anyongwe kwa ajili ya hilo? Akautoa ukurasa mfukoni, akaupenyeza mbele kwa Winfrida.

Wanawake wale waliitwa, wakasema walichokiona, na maelezo yakakataliwa. Ushahidi mwingine haukuwepo. Bonifasi akaachiwa huru.

Nje, Melania alimng'ang'ania Winfrida akilia. Nehemia alipita pembeni, roho inamuuma: jasho lake, sifa za mwenzake.

"Si mimi, mama," Winfrida akasema. "Mashahidi aliwapata kaka Nehemia."

Hatimaye! Nehemia akageuka, kifua mbele. Melania akamshika mikono yote miwili, kisha akaiachia.

"Ulikuwa nao tangu lini, mwanangu?"

Winfrida naye alikuwa anasubiri jibu.