Fundo la Ngongoti

Daktari wa meno alikuwa na ulevi mmoja tu: beji. Si zile za bati wanazovaa walinzi wa milangoni. Zake zilikuwa beji za kale za kijeshi, zilizotariziwa kwa mkono, tai na ngao za nyuzi za dhahabu juu ya kitambaa cheusi cha sufu. Alizipenda kuliko meno ya watu, na wagonjwa wake walilijua hilo kwa uchungu.

Asubuhi hiyo alimwekea fundi wa kutarizi mezani kifuko cha turubai.

"Ishirini na mbili, fundi, nimezizoa mnadani kwa mpigo! Kifuko kilikuwa bado na lakiri yake, hakijafunguliwa miaka arobaini. Walizivua kwa wale waliokufa maji kivukoni, wakafunga siku hiyohiyo, Jumatatu. Tarehe hii hapa. Kisha kikasahaulika stoo."

Fundi akakivuta kifuko karibu. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na mtu wake aliyefia kivukoni, na yeye alikuwa na kaka.

"Zisafishe," daktari aliendelea, "ung'oe bitana za nyuma, mimi nitazigandisha kwenye fremu kwa gundi. Ijumaa nazifuata."

"Gundi inakula uzi, daktari. Wewe unaziba jino kwa gundi?"

"Kuna mdomo mmoja natamani sana kuuziba," alisema daktari, akacheka, akaondoka.

Fundi akavaa glavu za pamba, maana jasho la kidole halisahau: ukiigusa dhahabu leo, baada ya wiki chache doa jeusi linakuja kukusuta. Akachukua brashi laini, akaanza kufagia vumbi taratibu. Kisha akaigeuza beji ya kwanza. Bitana yake ilishonwa pande tatu, wa nne umeachwa wazi, na ndani kulikuwa na mkia wa uzi mwekundu, urefu wa kidole, haukufungwa fundo. Uzembe gani huu! Fundi anayejiheshimu haachi uzi ukining'inia. Akaukata, akautupa kwenye kopo la mabaki. Beji ya pili, mkia uleule. Kata. Ya tatu, ya nne, mpaka ya sita, na mkasi wake ulikuwa mwepesi kama ulimi wa mbea.

Ya saba ilikuwa tai mwenye jicho la bluu.

Mkasi ulimtoka mkononi. Jicho lile alilitia yeye mwenyewe, akiwa na miaka tisa, siku mama yake, aliyekuwa akitarizia kikosi, alipomkabidhi sindano kwa mara ya kwanza. Tai wote wa kikosi walikuwa na jicho jeusi. Yeye akachomoa uzi wa bluu kwa makosa. Mama alitaka kulifumua, kaka akakataa katakata. "Mwacheni hivyohivyo. Tai wangu mimi ni mzuri kuliko wenu."

Mtaani kaka aliitwa Ngongoti kwa urefu wake. Hakuna siku aliyopita mlango wa jikoni bila kujigonga paji la uso kwenye kizingiti cha juu, ngo! kisha akamtukana seremala na ukoo wake wote. Alipokufa, ile ngo haikufa naye. Ilikuja mchana mchana, jikoni, hakuna mtu. "Ni bati hilo, linatanuka kwa jua," mama yake alisema, na fundi akalikubali bati kwa miaka arobaini, hata siku za mvua.

Akaigeuza beji. Uzi wa hii ulikuwa umefungwa. Mama yake alikuwa mashoto, na fundo lake lililalia upande ambao fundi mwingine hangelilaza: mizunguko miwili, ncha imefichwa chini. Hakuna mwingine duniani wa kulifunga vile. Akazigeuza na zilizobaki: mikia mitupu.

Akaingia jikoni. Mama yake, ambaye macho yalishakwisha kwa kazi hizohizo, alikuwa akikunja nguo kwa kupapasa. Fundi akamwekea beji kiganjani. Dole gumba la mama halikwenda kwenye dhahabu. Lilikwenda moja kwa moja nyuma.

"Umeitoa wapi hii?"

"Kwa daktari. Ni hii tu yenye fundo, Mama, na fundo ni lako. Ngongoti alirudi?"

Mama aliisukuma pembeni nguo aliyokuwa akiikunja.

"Nilikuwa nawaachia uzi," alisema. "Kila askari. Namwambia, ukirudi, njoo nikufunge. Ulikuwa utani wa fundi na wateja wake. Waliorudi walikuja kweli, nikawafunga, tukacheka."

"Na yeye?"

"Alikuja Alhamisi, saa nane mchana, wewe uko shule. Viatu vimelowa chapachapa, kanichafulia sakafu yote. Akasema, Mama, nifunge. Nikamfunga, nikampa beji yake. Nikamwambia keti nikuwekee chai. Nageuka na birika, nasikia ngo! Hakutukana. Nikajua kuna jambo. Jumamosi wakaja wakubwa wa jeshi na barua, kwamba amekufa tangu Jumatatu."

Fundi alikumbuka kile kifuko na lakiri yake, na tarehe yake.

"Miaka yote hii, Mama! Unaniambia bati!"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimemfunga maiti? Au kwamba mwanangu yu hai na nimemwachia akatoka bila chai?" Aliibana beji kifuani. "Aliyefungwa yuko nyumbani. Ukilikata fundo hili, umemtoa nje. Na wenzake?"

"Ishirini na mmoja. Hawajafungwa." Fundi akashusha sauti. "Sita nimewakata uzi. Nilidhani ni takataka."

"Umewakata?"

"Hukunifundisha! Ulinifundisha kila kitu, hili ukalificha!"

 Mama aliinua mkono wake wa kushoto, vidole vikagoma kubana kama vya kushika sindano, akaushusha.

"Lete sindano. Utatumia mkono wa kushoto, mimi nitakuelekeza."

Fundi alihangaika na beji ya kwanza kama mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu. Mzunguko, mzunguko, ncha chini. Hapana, kwa huku. Akavuta. Nje mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi, bati limepoa kabisa. Ukumbini pakasikika hatua za viatu vilivyolowa, zikaja, zikapita mlango wa jikoni, zikatulia karibu na meza. 

Mama aligeuza sikio. "Huyu mfupi," alisema. "Hakujigonga."

Fundi alicheka, na machozi yakamtoka humohumo. Akafunga wa pili, wa tatu. Walipofika kumi na tano, jikoni palikuwa na baridi ya mtoni na sakafu ilikuwa imelowa. Ndipo akalileta lile kopo. Nyuzi sita, zote nyekundu, zote sawa.

"Sijui upi ni wa nani, Mama."

"Unga uzi wowote. Walikuwa mtumbwi mmoja, watapangana wenyewe."

"Na Ijumaa daktari akija?"

"Mwambie kazi haijaisha. Akizidi kung'ang'ania, mwambie aingie aje awaombe mwenyewe."

Fundi aliunga nyuzi kwa kibano, moja baada ya nyingine, vidole vya kushoto vikimuuma. Alipokaza fundo la mwisho, mlangoni pakalia: ngo!

Kisha kimya. Kimya kilekile cha Alhamisi ile.

Hakuinua kichwa. Alikata uzi uliozidi, akamtukana seremala na ukoo wake wote, kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akainuka kuweka birika motoni.