Bila Karanga

Mpishi wa mkahawa wa bustani ya michezo alitoka jikoni na karatasi mkononi, kama wafanyavyo pale mzazi akiandika kwamba mwanawe ana mzio wa chakula.

"Karibuni. Nani hapa hali karanga?"

Colleen aliitazama karatasi ile. Meza aliihifadhi miezi sita nyuma, akaandika jina la mwanawe Wyatt na mzio wake. Tangu mazishi hakukumbuka kulifuta.

Delaney, binti yake wa miaka saba, akajibu: "Kaka yangu. Alikula biskuti ya mtu shuleni, akafa."

Mpishi akavua kofia. "Pole, mwanangu. Wewe je, nikupikie nini?"

"Chapati za maji zenye masikio ya sungura, alizozitaka yeye. Bila karanga, mjomba, na unawe mikono kwanza!"

Ndani ya mkoba, Colleen aliikamata sindano ya Wyatt ya dawa ya dharura ya mzio, akashindwa kuiachia.