Walivyotaka Kumwachisha Faruk Ziwa

Mwanarusi aliporudi kutoka kliniki alimkuta mumewe, Osman, akipima kitambaa katika duka lao la Homa Bay kana kwamba hakuna lililotokea. Chumbani nyuma ya duka, kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu.

"Faruk yuko wapi?"

"Mama amempeleka kwake Sori," Osman alisema bila kuinua macho. "Akikaa huko kidogo atasahau ziwa. Mwaka mmoja unatosha. Mama anataka mjukuu mwingine."

Mwanarusi aligeuka kurudi mlangoni. Asubuhi hiyo muuguzi Nyanchama alikuwa amempima sukari, ile iliyompanda akiwa na mimba ya Faruk. Ilikuwa imeshuka. Lakini Nyanchama alimwonya kwamba sukari ya mimba huweza kumrudia mwanamke baadaye na isiondoke tena, na kwamba kunyonyesha kwa muda mrefu hupunguza hatari hiyo, hata ile ya saratani ya matiti. "Si kinga kamili," alisema, "lakini usiache mapema."

Alichukua bodaboda hadi Sori, maziwa yakimlowesha kifua njia nzima.

Mama mkwe wake, Bi Shamima, alikuwa ameketi mbele ya duka lake la nyavu, mguu wenye kidonda cha sukari ameuweka juu ya kreti ya soda. Faruk alikuwa mkekani, sauti imemkauka kwa kulia, uji umemwagika kando yake.

"Nani amekuita?"

"Nimemfuata mwanangu, Mama."

"Mtoto anatembea, anakula. Ziwa unamng'ang'anizia la nini?"

"Kwa ajili yangu."

Wateja waliokuwa wakichagua nyavu waligeuka.

"Kwa ajili yako?"

"Yeye ananufaika, na mimi nanufaika. Mimba ilinipandisha sukari. Sitaki niugue kama wewe."

Kabla hajamaliza alijua amevuka mpaka. Bi Shamima alivuta kanga akaufunika mguu.

"Wanangu wote niliwaachisha wachanga nikarudi kuuza. Ndivyo mumeo alivyosoma. Leo waniambia kidonda hiki nimejiletea?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema, na watu wamesikia."

Angeweza kuomba radhi. Badala yake aliketi mkekani, akafungua vifungo, akampakata mtoto. Faruk alilidaka ziwa kwa pupa hadi akamuuma. Mwanarusi alikaza meno.

"Ukitoka naye hapa, usikanyage tena mlango wangu."

"Sawa, Mama."

Mwanarusi aliporudi na mtoto, Osman alihamishia godoro lake dukani kwa hasira, na baadaye akalirudisha chumbani. Faruk alinyonya hadi alipotimiza miaka miwili. Mwanarusi bado hupimwa sukari, na bado haijapanda.

Sikukuu ya Idi Bi Shamima alituma nyama Homa Bay, igawiwe kila mpangaji wa ploti wanamokaa Osman na mkewe, hata wasio Waislamu. Mleta nyama alibisha kila mlango, akaupita wa Mwanarusi.